Mtungi wa Kuzimia Moto: Kadi Yasema Mzima, Kumbe Umekufa

Asubuhi moja ya mwaka 2021 nilikuwa nikinywa chai katika mkahawa mmoja mjini Nakuru, mara mafuta ya kukaangia mandazi yakashika moto. Mpishi, kijana shupavu, hakukimbia. Aliutwaa mtungi mwekundu uliotundikwa karibu na mlango, akachomoa pini, akauelekeza kwenye karai na kubana kishikio. Mtungi ulitoa sauti kama ya mtu apumuaye kwa shida, ukatema unga kiasi cha kijiko, ukanyamaza. Aliyeliokoa jiko siku ile ni mama mwosha vyombo, ambaye aliifunga gesi na kulifunika karai kwa sinia. Mpishi aliungua mkono wa kulia, na kwa majuma mengi hakuweza kazi.

Mwenye mkahawa alistaajabu sana. Shingoni mwa mtungi palifungwa kadi yenye sahihi ya fundi na tarehe ya miezi minne tu iliyopita. "Mwanangu, mimi nimelipa," alimwambia mpishi, huku akimmwagia maji mkononi. Na kweli alikuwa amelipa. Lakini watumishi walikiri kwamba fundi yule alisimama mlangoni, akaandika kadi, akapokea fedha zake, akaenda zake bila kuugusa mtungi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini yataka kila mahali pa kazi pawe na vyombo vya kutosha vya kuzimia moto, vitunzwe, viwekwe panapofikika upesi, tena wawepo watu waliofunzwa kuvitumia. Kununua, wengi hununua. Kutunza ndiko wanakoiachia kadi.

Yafaa basi kufahamu kilichomo ndani ya mtungi. Katika mitungi mingi ya unga tuionayo madukani na katika magari, unga umetiwa pamoja na hewa kavu iliyoshindiliwa, na hewa hiyo ndiyo isukumayo unga nje. Hewa ikivuja, unga hubaki pale pale. Rangi haibadiliki, na hata uzito haupungui sana, ila nguvu imekwisha. Ndiyo sababu mtungi wa namna hii una saa ndogo juu yake, nayo mshale wake sharti usimame katika sehemu ya kijani. Ukiwa upande wa chini, penye rangi nyekundu, usingoje fundi apite, mpelekee.

Katika mkahawa ule sababu ilijulikana baadaye. Mtumishi mmoja alikuwa ameujaribu mtungi kidogo tu, aone kama wafanya kazi. Nia yake ilikuwa njema, lakini hilo ndilo lililouua. Mtu akibana kishikio hata mara moja, chembe za unga hukwama katika vali, nayo haifungi tena sawasawa, hewa ikatoka polepole hadi ikaisha. Mtungi uliofunguliwa hata kwa nukta moja hauna budi kujazwa upya. (Mafuta ya karai, kwa kweli, yana mtungi wake mwingine wenye dawa ya majimaji, unga huweza kuuzima moto wake, kisha ukawaka tena kwa sababu mafuta yangali moto. Maji usiyamwagie kamwe.)

Mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi, ule wenye pembe nyeusi uwekwao karibu na mitambo ya umeme, hauna saa. Dawa yake ni mizani. Uzito wake umepigwa chapa juu ya chuma. Mtungi wa kilo 2 za gesi ukipungua zaidi ya gramu 200, yaani sehemu moja kwa kumi, yapasa ujazwe. Fundi asiyekuja na mizani hawezi kukwambia neno lolote juu ya mtungi huo, hata akiandika kadi kumi.

Mwenye mtungi mwenyewe aweza kuukagua kila mwezi kwa dakika mbili. Aangalie kama upo mahali pake, usije ukafichwa nyuma ya makreti ya soda. Kama pini na lakiri yake havijaguswa. Na mshale unasemaje. Kisha ainame atazame kitako, kwa maana maji ya kupigia deki hukila kwa kutu. Mdomo wa mpira nao utazamwe ndani, kwa kuwa nyigu hupenda sana kujenga humo kwa udongo, na mtungi wenye nguvu zote hauwezi kupitisha unga penye kizibo.

Kazi ya fundi ni ya kila mwaka, nayo ifanywe mbele ya macho yako: autungue mtungi, aupime, alitazame kila ungio, abadilishe lakiri. Baada ya miaka, chuma chenyewe pia hujaribiwa. Kanuni za Marekani ziitwazo NFPA 10 zataka mitungi ya maji na ya gesi ijaribiwe kila miaka 5, na mingi ya unga kila miaka 12. Hujazwa maji, kisha husukumwa kwa nguvu kupita ile ya kawaida. Hutumiwa maji kwa sababu hayashindiliki kama hewa: chuma kibovu kikipasuka, maji humwagika tu, bali hewa ingevirusha vipande vya chuma kama risasi. Mitungi ya zamani ya asidi na soda, iliyopinduliwa ndipo ifanye kazi, ilikuwa na hatari hiyo hasa, kwa kuwa nguvu ilizaliwa ndani yake wakati ule ule mtu ameikumbatia.

Nilipita tena kwenye mkahawa ule mwaka 2022. Mpishi alikuwa amerudi karaini, na ukaguzi wa mtungi alikuwa amekabidhiwa yule mama mwosha vyombo. Alinionyesha daftari lake kwa fahari. Mwezi wa tatu alikuwa ameandika: "Mshale kijani. Nyigu ndani ya mpira, nimewatoa."