Siri ya mkataba ina mlango wake

Shasha iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, kati ya Sake na Minova, kwenye barabara ya Goma na Bukavu. Februari 2024 vita viliikata barabara hiyo, na bei ya chakula ikapanda Goma. Mwishoni mwa Aprili, waasi wa M23 wakaiteka Rubaya, machimbo makubwa ya koltani ya Masisi. Walikale nayo ina bati ya mgodi wa Bisie. Watu wa huku wanalipa gharama ya madini kila siku, lakini mikataba yake ni wachache waliowahi kuisoma.

Kwa miaka mingi, raia aliyeomba kuiona alijibiwa kwamba ina kifungu cha usiri. Jibu hilo halitoshi. Amri ya 30 Julai 1888, msingi wa sheria ya mikataba nchini Kongo, inasema katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano halali ni sheria kwa walioyafunga, na kwa ridhaa yao wote yanaweza kuondolewa. Basi waliofunga siri wanaweza kuifungua kwa waraka wa nyongeza, yaani avenant. Mkataba wa 2008 wa Sicomines, ubia wa madini wa Kongo na China, ulirekebishwa hivyo Machi 2024, fedha za miundombinu zikapanda kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7. Kama mabilioni yanajadilika, usiri nao unajadilika.

Isitoshe, amri ya 20 Mei 2011 ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Adolphe Muzito, inataka kila mkataba wa maliasili utangazwe ndani ya siku 60. Sheria ya madini ya 2018 inazipa jamii angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Utadaije asilimia ya hesabu usiyoiona?

Katika mazungumzo ya mkataba, kampuni ibaki na siri za teknolojia na za wateja wake. Malipo kwa serikali, majina ya wamiliki na ahadi kwa jamii vitoke hadharani. Usiri uwe na tarehe ya mwisho. Anayekataa kuulegeza aandike sababu. Na kila nyongeza itangazwe. Wakati mzuri wa kudai haya ni kabla ya sahihi, au kampuni inapoomba kibali kiongezwe muda.

Machifu, viongozi wa kooperativi na mashirika ya raia: msitie sahihi hati ambayo watu wenu hawaruhusiwi kuisoma.