Rusumo: Saa moja ya bure kwa anayesafiri peke yake

Wengi wetu huvuka Rusumo kwa makundi. Dereva anapiga honi, mwenzako anakuhimiza, mawazo yote yako kwenye mzigo. Unaweza kuvuka hivyo mara 20 usiuone mto.

Safari moja nilivuka peke yangu, kwa miguu, bila wa kumngoja wala wa kuningoja. Darajani nikasimama. Chini, Kagera ilikuwa ikiporomoka kuelekea Ziwa Victoria. Maji hayo huendesha mitambo ya megawati 80, umeme wa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka hapa ndani ya siku moja hivi, wakikimbilia Tanzania. Leo tunavuka na mchele, tunalalamikia foleni. Ukiwa na kundi, jambo kama hilo halipati nafasi ya kukuingia.

Upande wa pili magari hushika kulia, na saa hurudi nyuma: saa nne ya Tanzania ni saa tatu ya Rwanda. Saa hiyo ya bure niliinywea chai, nikisikiliza Kiswahili na Kinyarwanda vikipokezana kwenye bei ya viazi. Hakuna aliyeniuliza tunaondoka lini.

Usalama kwanza: mjulishe mtu wa nyumbani ulipo, usitembee na fedha nyingi mkononi, na giza likukute umeshafika unakolala. Lakini mzigo ukishatoka, usikimbilie basi. Daraja umelipita sana. Safari hii lione.