Ruta kuukuu: Ipi inunuliwe, ipi iachwe

Na Mwandishi Wetu

WANUNUZI wa vifaa vya intaneti vya nyumbani wanashauriwa kuangalia mambo matatu kabla ya kutoa fedha zao kwa ruta ya zamani: kasi ya laini watakayoiunganisha, aina ya tundu linalopokea laini hiyo, na iwapo mtengenezaji bado anairekebisha programu iliyomo ndani ya kifaa. Ruta inayoshindwa katika jambo mojawapo kati ya hayo ni hasara hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Bidhaa hii huingia sokoni kwa njia tatu. Kuna zile zilizotumika hapa hapa nchini, zinazotoka kwa ofisi au kaya zilizobadili kampuni ya huduma. Kuna mitumba kutoka nje, ambayo mara nyingi huja pamoja na kompyuta na televisheni. Tatu, kuna ruta ambazo hazijawahi kutumika lakini zimekaa stoo miaka mingi. Hizi za mwisho ndizo zinazowachanganya wengi, kwa sababu boksi limefungwa, plastiki haijatolewa, na muuzaji anaapa kuwa mali ni mpya. Ni kweli haijatumika, lakini umri wa ruta huhesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka kiwandani, wala si tangu siku boksi lilipofunguliwa.

Kasi: Pima laini kwanza

Kosa la kawaida ni kununua ruta kwa kufuata tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mnunuzi aanze na mkataba wake wa intaneti. Kama kifurushi ni cha megabiti 20 kwa sekunde, hakuna ruta duniani itakayompa 21.

Viwango vya waifai vinavyopatikana sokoni vinajulikana kwa herufi. Kiwango cha g kilipitishwa mwaka 2003, na boksi lake huandikwa 54. Kiwango cha n kilipitishwa mwaka 2009, na boksi husema 150 au 300. Kiwango cha ac kilifuata mwishoni mwa mwaka 2013, kisha ax, ambacho ndicho kinachouzwa kwa jina la Wi-Fi 6. Tangu mwaka 2018 chama kinachosimamia waifai kimetumia namba badala ya herufi, hivyo n ni 4, ac ni 5 na ax ni 6.

Tarakimu ya kwenye boksi ni ya maabara. Nyumbani, kiwango cha g hutoa takriban megabiti 20 hivi kwa sekunde kifaa kikiwa karibu, na ruta ya n iliyoandikwa 300 hutoa nusu au pungufu ya hapo. Aidha, ruta nyingi za n za bei nafuu, ikiwemo TP-Link TL-WR841N iliyoenea sana Afrika Mashariki, zina matundu ya waya yenye ukomo wa megabiti 100. Hata antena zingekuwa kumi, kinachoingia kupitia tundu hakizidi hapo.

Kwa mwenye laini ya megabiti 10 au 20, ruta ya n inatosha kabisa kwa upande wa kasi. Kwa mwenye laini ya faiba ya megabiti 100 na kuendelea, ruta hiyo inakula fedha anazolipa kila mwezi. Huyo atafute ruta ya ac au ax yenye matundu ya gigabiti.

Jambo jingine ni msongamano wa hewani. Ruta za g na nyingi za n hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ambako kuna njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Katika nyumba iliyo peke yake shambani hilo halina madhara. Katika ghorofa la Kariakoo au Eastleigh, ambako ruta za majirani 20 zinagombea njia hizo tatu, mteja atalalamikia kampuni ya intaneti kumbe tatizo ni la hewani. Ruta yenye masafa mawili, 2.4 na 5, huondoa sehemu kubwa ya kero hiyo, ingawa masafa ya 5 hudhoofika haraka zaidi yanapopita kwenye kuta za tofali.

Tundu: Si kila ruta hupokea kila laini

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na muuzaji asiye mtaalamu hawezi kukuokoa. Ruta za zamani zina milango ya aina tatu. Ya kwanza hupokea waya wa simu ya mezani, kwa ajili ya huduma iitwayo ADSL. Tundu lake ni jembamba, kama la simu. Ya pili hupokea waya mpana wa mtandao, na tundu lake huandikwa WAN au Internet. Ya tatu hupokea kadi ya simu.

Mwenye faiba anahitaji ile ya pili, kwa kuwa kampuni humwekea kifaa cha kupokea faiba na ruta hufuata nyuma yake kwa waya. Akinunua ya ADSL kwa sababu ni nzuri na rahisi, atakuwa na kifaa kisicho na mahali pa kuunganishwa. Aidha, aulize kwanza kama kampuni yake inamruhusu kutumia ruta yake mwenyewe. Kampuni nyingi za faiba hutoa ruta pamoja na huduma, na pengine hakuna haja ya kununua nyingine.

Kwa ruta za kadi ya simu, mnunuzi ajihadhari na mambo mawili. La kwanza ni kufuli ya mtandao: ruta iliyotolewa na kampuni moja ya simu inaweza kukataa kadi ya kampuni nyingine. La pili ni masafa. Ruta iliyotengenezwa kwa ajili ya mitandao ya Marekani inaweza isikamate 4G ya hapa, au ikakamata sehemu tu. Dawa ni moja: nenda dukani na kadi yako, iwekwe ndani, na ufungue ukurasa wowote wa intaneti mbele ya muuzaji kabla hujalipa.

Usalama: Jambo lisiloonekana dukani

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina programu ndani yake, na programu hiyo huwa na dosari zinazogunduliwa mwaka hadi mwaka. Mtengenezaji hutoa marekebisho kwa muda fulani, kisha huacha. Baada ya hapo kifaa huendelea kuwasha taa na kutoa waifai kama kawaida, lakini kila dosari inayogunduliwa hubaki wazi moja kwa moja.

Mifano ipo. Mwezi Mei 2018 iligundulika kuwa programu hasidi iliyopewa jina la VPNFilter imeingia kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhi data vipatavyo 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Mwezi Mei 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu ruta zilizokwisha muda wa matengenezo, zikiwemo Linksys E1200, E2500 na WRT320N, kwamba wahalifu wanaziteka na kuuza njia hizo kwa watu wanaotaka kuficha walipo. Mwezi uliofuata, wakala wa usalama wa mitandao wa nchi hiyo aliingiza kwenye orodha ya dosari zinazotumiwa na wavamizi dosari moja iliyomo katika TP-Link TL-WR740N, TL-WR940N na baadhi ya matoleo ya TL-WR841N, yakiwemo la 8 na la 10.

Mwenye nyumba anaweza kuuliza: mimi nina nini cha kuibiwa? Jibu ni kwamba mara nyingi mvamizi hataki mali yako, anataka anuani yako ya intaneti. Uhalifu ukifanyika kupitia laini yako, kinachoonekana kwanza ni laini yako. Pili, ruta iliyotekwa inaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kughushi ulioandikwa jina la benki yako. Programu za benki na kurasa zenye ulinzi hupunguza hatari hiyo, lakini mtu mwenye haraka hubonyeza onyo na kupita.

Kuna pia suala la kufuli ya waifai yenyewe. Kufuli ya kwanza, WEP, ilivunjwa tangu mwaka 2001. Ruta isiyokuwa na WPA2, iliyoanza mwaka 2004, isinunuliwe kwa bei yoyote. WPA3 ya mwaka 2018 ni bora zaidi. Aidha, kitufe cha WPS chenye namba ya siri ya tarakimu nane kizimwe: mwaka 2011 ilionyeshwa kuwa ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, hivyo badala ya mamilioni ya majaribio mvamizi anahitaji 11,000 tu.

Ipo njia ya kurefusha maisha ya baadhi ya ruta. OpenWrt ni programu ya bure inayoweza kuchukua nafasi ya ile ya kiwandani. Ruta kama TP-Link Archer C7, yenye masafa mawili na matundu ya gigabiti, imeendelea kunufaika nayo miaka mingi baada ya kutoka kwake. Hata hivyo, programu hiyo inahitaji nafasi. Ruta zenye hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32, ambazo ndizo TL-WR841N nyingi za zamani, ziliachwa baada ya tawi la 19.07, lililofungwa mwaka 2022. Njia hii inamfaa mwenye fundi anayeijua kazi. Ikikosewa, ruta hugeuka kopo.

Hesabu ya shilingi

Tuchukue mfano, si bei ya soko. Ruta kuukuu inauzwa sh. 25,000 na mpya sh. 75,000. Kwa macho, ya kwanza ni rahisi mara tatu. Lakini kama ile kuukuu imebakiza mwaka mmoja wa marekebisho, gharama yake ni sh. 25,000 kwa mwaka. Mpya yenye miaka mitano mbele yake ni sh. 15,000 kwa mwaka. Ili ile kuukuu ilingane na mpya, ama iwe na zaidi ya mwaka mmoja na miezi minane ya uhai, ama bei ishuke hadi sh. 15,000. Kama haina hata siku moja iliyobaki, hakuna bei inayoifanya kuwa rahisi.

Umeme hauna uzito katika uamuzi huu. Ruta ndogo yenye adapta ya volti 9 na ampea 0.6 haiwezi kuzidi wati 5.4, yaani kama uniti 47 kwa mwaka mzima ikiwaka usiku na mchana.

Kwa mfanyabiashara wa jumla, hesabu hiyo hiyo inageuka. Ruta si kama sufuria inayoweza kukaa stoo ikisubiri bei. Kila mwezi unaopita unakata uhai wake, na mteja aliyeelewa hatalipa bei ya jana. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inawataka watengenezaji watangaze muda ambao kifaa kitapewa marekebisho ya usalama. Mwagizaji wa hapa anaweza kuitumia taarifa hiyo kabla ya kufunga mzigo. Asisahau pia kuwa Tanzania na Kenya zinataka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe na mamlaka zao, TCRA na CA.

Ukaguzi wa dakika kumi

Mnunuzi aliyefika dukani afanye haya kwa utaratibu:

1. Ageuze ruta na kusoma kibandiko cha chini. Aandike aina na namba ya toleo, kwa mfano Ver 10. Jina moja linaweza kuwa na matoleo zaidi ya kumi yenye hali tofauti.

2. Kwa simu yake atafute aina na toleo hilo kwenye ukurasa wa mtengenezaji, aone tarehe ya marekebisho ya mwisho. Kama ni miaka mitatu au zaidi iliyopita, au pameandikwa kuwa huduma imekoma, aiache.

3. Alinganishe adapta na maandishi ya ruta. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue.

4. Aiwashe na kuiacha dakika kumi. Inayojizima au kuchemka kupita kiasi si yake.

5. Abonyeze kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani kwa sekunde kumi hivi, aingie kwenye mipangilio na kuhakikisha WPA2 ipo. Akifika nyumbani abadili neno la siri la msimamizi siku hiyo hiyo, na azime usimamizi wa kutoka mbali.

Uamuzi

Ruta za g ziachwe kabisa. Za n zinunuliwe tu pale ambapo laini ni ndogo, majirani ni wachache na toleo husika bado linarekebishwa, sharti ambalo nyingi za zamani hazitalitimiza. Za ac zenye masafa mawili na matundu ya gigabiti ndizo kuukuu zenye thamani kwa sasa, iwapo tarehe ya marekebisho inaridhisha au fundi wa OpenWrt yupo. Mwenye nyumba ya wageni au duka la steshenari linalogawa intaneti kwa wateja asibahatishe: watumiaji ni wengi, wageni hawajulikani, na jina lililo kwenye mkataba wa laini ni lake.