Sayansi: Kurusha roketi nyumbani, pale ambapo kosa halina gharama

Kati ya Butembo na Lubero, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, barabara inavuka mstari wa ikweta. Wasafiri wengi hupita hapo bila kujua, kwani mawazo yao yako kwenye matope, vizuizi na habari za usalama. Lakini kwa mtu anayependa kuigiza safari za anga kwenye kompyuta, hapo ni mahali pa thamani. Kwa sababu dunia inajizungusha, kila kitu kilicho kwenye ikweta kinabebwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1.670 kwa saa. Roketi inayoruka kutoka hapo kuelekea mashariki inapewa mwendo huo bure, kabla injini haijawashwa.

Lubero haina kiwanja cha roketi. Lakini kuna programu ya kompyuta inayomruhusu mtu kuandika namba za mahali popote duniani, kuweka chombo chake hapo na kujaribu kukirusha. Inaitwa Orbiter. Iliandikwa na Martin Schweiger, mtafiti wa University College London, Uingereza, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000. Inatolewa bure. Mwaka 2021, mwenyewe aliachilia hata maandishi ya ndani ya programu hiyo, ili kila anayejua kuprogramu aweze kuiboresha.

Asiyeizoea anaweza kushangaa. Ndani yake hakuna bunduki, hakuna adui, hakuna alama za ushindi. Kuna chombo, mafuta, dunia, mwezi, sayari na sheria za Newton. Kinachobaki ni kazi ya mchezaji.

Kosa la kwanza

Wanaoanza wengi wanafikiri kwamba kwenda angani ni kupanda juu tu. Wanawasha injini, wanapanda wima hadi mafuta yaishe, kisha wanaanguka kama jiwe lililotupwa. Hapo ndipo wanapojifunza somo la kwanza: tatizo si kufika juu, tatizo ni kubaki juu. Ili chombo kizunguke dunia kwenye kimo cha kilomita 400, kinahitaji kwenda kwa ubavu kwa karibu kilomita 7,7 kila sekunde. Kinaendelea kuanguka, lakini kwa mwendo huo ardhi inapinda chini yake na hakiigusi. Ndiyo maana roketi za kweli huinama kuelekea upande mara tu baada ya kuruka.

Kosa la pili linawangoja wale wanaoondoka ikweta. Wanaruka moja kwa moja mashariki, wanafaulu kuzunguka dunia, wanafurahi, kisha wanataka kwenda kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa. Haiwezekani. Njia ya kituo hicho imeinama kwa digrii 51,6 kutoka ikweta, na chombo chao kinazunguka juu ya ikweta tu. Kugeuza njia ukiwa tayari huko juu kunadai nguvu karibu sawa na ile iliyotumika kutoka ardhini. Mafuta hayatoshi. Inabidi kurudi mwanzo, kungoja saa ambayo njia ya kituo inapita juu ya mahali pa kurukia, kisha kuelekeza roketi kaskazini-mashariki au kusini-mashariki.

Katika maisha ya kweli, kosa la namna hiyo lingekula mamilioni ya dola. Nyumbani linakula nusu saa.

Ukitaka kumfikia, funga breki

Somo gumu kuliko yote ni lile la kukutana na chombo kingine. Mchezaji anaona kituo kikiwa mbele yake, kilomita 50 hivi. Anafanya kama dereva wa pikipiki anayetaka kumfikia mwenzake: anaongeza mwendo. Baada ya muda anaona kituo kinazidi kwenda mbali. Kumbe mwendo ule umempandisha kwenye njia ndefu zaidi, na njia ndefu inachukua muda mwingi zaidi kuizunguka. Ili amfikie aliye mbele, alipaswa kupunguza mwendo, ashuke kwenye njia fupi, azunguke haraka, kisha apande tena kwa wakati unaofaa.

Si wachezaji peke yao walioteleza hapo. Mwezi wa sita mwaka 1965, rubani James McDivitt wa chombo cha Gemini 4 cha Marekani alijaribu kukaribia kipande cha roketi kilichokuwa kimewapeleka angani. Alikielekea moja kwa moja, kama vile angefanya kwa ndege. Alichoma mafuta mengi bila kukifikia, na jaribio likasimamishwa. Ilibidi hesabu zifuatwe badala ya macho. Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, Gemini 6A ilifika karibu kabisa na Gemini 7. Miezi mitatu baadaye, Neil Armstrong na David Scott, ndani ya Gemini 8, waliunganisha kwa mara ya kwanza vyombo viwili angani.

Kosa lililookoa safari ya mwezini

Mashirika ya anga yanajua faida ya kukosea mapema. Siku chache kabla ya safari ya Apollo 11, katika mazoezi ya kuigiza huko Houston, walimu waliingiza kwa siri kengele ya hatari ya kompyuta. Kijana aliyekuwa na jukumu hilo, Steve Bales, aliamuru kusitisha kutua. Baadaye alielezwa kwamba alikosea: kengele ile haikuwa ya kusimamisha safari. Ndipo mwenzake Jack Garman, mwenye umri wa miaka 24, alipoandika orodha ya kengele zote na maana zake. Tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1969, Armstrong na Aldrin walipokuwa wakishuka mwezini, kengele namba 1202 ililia. Garman aliitambua, Bales akatoa ruhusa ya kuendelea, nao wakatua.

Congo nayo inajua upande wa pili. Mwaka 1977 na 1978, kampuni ya Ujerumani iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi kutoka Shaba, yaani eneo la Katanga. Roketi ya tatu, tarehe 5 mwezi wa sita mwaka 1978, ilirushwa mbele ya Rais Mobutu. Ilipoteza mwelekeo na kuanguka. Mwaka 2009, mhandisi Mkongomani Jean-Patrice Keka alirusha roketi yake Troposphère V kutoka Menkao, karibu na Kinshasa, ikiwa na panya ndani. Nayo ilikwenda upande. Hakuna aibu katika hilo, kwani mataifa yote makubwa ya anga yameanguka mara nyingi. Tofauti ni kwamba roketi ya chuma ikianguka, hairudishwi kwa kugusa kitufe.

Jinsi ya kuanza

Kwa mtu wa Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi, swali la kwanza ni mega na umeme. Orbiter inahitaji kompyuta yenye Windows. Inapakuliwa mara moja tu, mahali penye mtandao mzuri, kisha inabebwa kwenye flashi hadi nyumbani, na baada ya hapo haihitaji intaneti. Kwa mashine ya zamani, toleo la 2010 ni jepesi kuliko lile la 2016. Na kwa kuwa umeme hukatika bila kuaga, inafaa kubonyeza Ctrl na S mara kwa mara ili kuhifadhi safari. Vinginevyo, saa mbili za kukaribia kituo zinapotea pamoja na taa.

Anayetaka kuonja kwanza anaweza kutafuta mchezo mdogo ambao kampuni ya SpaceX iliuweka kwenye intaneti mwaka 2020, nao ni wa bure. Kazi ni moja: kuunganisha chombo cha Dragon na kituo cha anga, huku namba zote kwenye skrini zikibaki chini ya 0,2. Mwenye haraka anagonga kituo. Anayebonyeza kidogo na kungoja ndiye anayefaulu.

Upo pia Kerbal Space Program, mchezo uliozaliwa Mexico mwaka 2011. Huo unauzwa na unadai mashine yenye nguvu zaidi, lakini unamruhusu mchezaji kuunda roketi yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Sayari yake ya kubuni ni ndogo sana kuliko dunia, kwa hiyo kuizunguka ni rahisi zaidi. Mwaka 2020, shirika la anga la Ulaya lilishirikiana na waundaji wake kuingiza humo safari zake za Rosetta na BepiColombo.

Kwa mwanafunzi anayesoma fizikia bila maabara, michezo hii haichukui nafasi ya mwalimu wala ya kitabu. Inampa kitu ambacho ubao hauna: nafasi ya kukosea mara ishirini kwa jioni moja, na kuona kila mara ni kwa nini. Kisha mara ya ishirini na moja, akiwa ameondoka kwenye ikweta ya Lubero kwa saa inayofaa, anaona kituo kikikua polepole kwenye dirisha, na anakumbuka kufunga breki.