Mtoto kashiba, lakini kala nini?

Mzazi, mtoto akimaliza sahani unashusha pumzi: leo kala. Rwanda wameona kwamba shibe peke yake haitoshi. Viazi na mihogo hujaza tumbo, ila bila maziwa, mayai au dagaa mtoto hudumaa. Mwaka 2005, takriban nusu ya watoto wao wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kufikia 2020 ilikuwa thuluthi moja. Bado ni wengi mno. Tangu 2006 familia maskini hupewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani.

Ng'ombe huna? Dagaa waliosagwa, kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Wachambue mchanga kwanza.