Miguu ya Mkimbiaji na Viatu Vyake

Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960 watu wengi walisimama kando ya Via Appia, njia ya zamani sana ya mji wa Roma. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na askari walishika mienge ili kuangaza njia. Walingoja wakimbiaji wa marathoni, ni kusema mbio za kilometa 42 na meta 195. Mara wakaona wawili wakija pamoja, mbele ya wenzao wote. Mmoja alikuwa Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Wa pili alikuwa askari mlinzi wa mfalme wa Ethiopia, jina lake Abebe Bikila. Watu wakatazama miguu yake, wakashangaa: hakuvaa viatu.

Karibu na mwisho Abebe akazidisha mbio, akamwacha mwenzake, akafika wa kwanza penye tao la mfalme Konstantino. Alikuwa amekimbia saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza aliyepata medali ya zahabu katika Michezo ya Olimpiki.

Tangu siku ile watu wengi husema: “Kumbe viatu ni vya nini? Abebe alishinda dunia nzima kwa miguu mitupu!” Lakini hawakusikia habari yote. Abebe hakuviacha viatu kwa kuvidharau. Alijaribu viatu vipya kule Roma, vikambana, vikamtoa malengelenge. Yeye alikuwa amezoea kukimbia bila viatu huko kwao, basi akaona afadhali miguu yake mwenyewe kuliko viatu vibaya. Miaka 4 baadaye, mwaka 1964, alikwenda Tokyo katika nchi ya Japani. Huko alivaa viatu vilivyomfaa, akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Na majuma machache tu mbele ya siku ile waganga walikuwa wamempasua tumbo. Haifai kusema kwamba viatu ndivyo vilivyompunguzia dakika 3, maana njia ilikuwa nyingine na hewa nyingine. Lakini yafaa kujua kwamba mtu yule yule alishinda bila viatu, akashinda na viatu. Alichokataa ni kiatu kinachouma.

Sasa, watoto, tazameni mguu wenyewe. Toka kifundo mpaka ncha za vidole mna mifupa 26. Miguu miwili ni mifupa 52, karibu robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Mifupa hiyo haikupangwa kama matofali ya ukuta. Imepangwa kama tao la daraja, tena imefungwa pamoja kwa kano nyingi. Mkimbiaji akikanyaga, tao hushuka kidogo. Akiinua mguu, hurudi juu kama upinde ulioachiliwa. Nyuma ya kisigino iko kano nene kupita zote za mwili, nayo hunyoshwa na kurudi vivyo hivyo.

Mtu anayetembea ana mguu mmoja chini sikuzote. Anayekimbia huruka. Kwa kitambo kidogo miguu yote miwili iko hewani, kisha mwili wote huangukia mguu mmoja, kwa nguvu inayopita uzito wake mara 2 ao 3. Kijana wa kilo 50 hupiga udongo kama mzigo wa kilo 100 mpaka 150, kila hatua. Na katika nusu saa ya mbio hupiga hatua karibu 5,000. Mshono mdogo unaosugua kidole ni neno dogo kwa mtu anayekwenda kisimani. Mara maelfu si neno dogo tena.

Je, mtoto asiye na viatu asikimbie? La, akimbie. Miguu iliyokua bila viatu huwa na ngozi ngumu, na vidole vyake vimetanuka vizuri. Watu wa elimu waliwachunguza wakimbiaji wa Kenya na wa Marekani, wakaandika habari zao mwaka 2010. Waliona kwamba waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hukanyaga kwanza kwa sehemu ya mbele ya unyayo, polepole. Waliozoea viatu vyenye kisigino kinene hukanyaga kwanza kwa kisigino. Namna ya kwanza huchosha zaidi shavu la mguu na kano ya kisigino. Ya pili huchosha zaidi goti. Kwa hiyo mtu wa mjini aliyevaa viatu miaka 20, akivitupa leo na kukimbia kilometa 10, kesho hawezi kushuka ngazi. Hata mifupa midogo ya mguu yaweza kupasuka.

Tena iko hatari ya udongo wenyewe. Kando ya soko mna misumari na vipande vya chupa. Huko Goma mawe ya volkano yana makali kama wembe. Palipochafuka kwa mavi ya watu, wadudu wa safura hupenya ngozi ya unyayo wakaingia katika damu. Na funza je? Wazee wengi hudhani funza alikuwako sikuzote. Sivyo. Alitoka Amerika ya Kusini kwa merikebu, akashuka pwani ya Angola mwaka 1872, kisha akafuata njia za wachukuzi. Karne ile haijaisha, alikuwa amekwisha kuvuka Kongo yote na kufika bahari ya mashariki, tena bila viatu. Basi asiye na viatu achague uwanja wa majani mafupi ao njia safi ya udongo, aoshe miguu akirudi, na atazame katikati ya vidole. Aliyechomwa na msumari asingoje kidonda kivimbe. Aende upesi kituo cha afya kwa sababu ya pepopunda.

Mzazi akiweza kununua viatu, anunue namna gani? Wazazi wengi wa vijiji hukata kijiti sawa na urefu wa unyayo wa mtoto, wakaenda nacho sokoni. Kijiti hakidanganyi juu ya urefu, lakini hakijui upana. Ni vizuri zaidi kutumia karatasi. Mtoto asimame juu ya karatasi kwa uzito wake wote, si kukaa kitini, maana mguu wenye mzigo hutanuka. Mwingine apitishe kalamu ya risasi pembeni mwa unyayo. Wafanye hivi jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana. Wachore miguu yote miwili, kwani kwa watu wengi mmoja hupita wa pili. Ule mkubwa ndio utakaochagua kiatu. Halafu karatasi ikatwe, itiwe ndani ya kiatu. Ikikunjika pembeni, kiatu ni chembamba. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana katika mbio mguu husogea mbele, hasa kwenye mteremko. Kucha nyeusi za wakimbiaji hutoka katika viatu vifupi.

Nambari iliyoandikwa ndani ya kiatu yasaidia, lakini isiaminiwe sana. Kwa hesabu ya Kifaransa, toka nambari moja mpaka inayofuata ni theluthi mbili za santimeta. Hata hivyo 40 ya kiwanda hiki yaweza kuwa sawa na 41 ya kiwanda kile. Karatasi ni shahidi bora.

Baada ya urefu na upana, kiatu kishikwe mikononi. Kikikunjwa, kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama kitabu, soli yake haina nguvu. Kisipokunjika hata kidogo, mguu utapigana nacho. Sehemu inayokumbatia kisigino iwe imara, kisigino kisipande na kushuka. Ndani mpapaswe kwa vidole, kutafuta mshono mkali ao gundi iliyokauka. Kisha mtoto avae viatu vyote viwili, afunge kamba, akimbie hatua kadhaa pale pale sokoni. Muuzaji hupenda kusema: “Chukua tu, mwanangu, vitapanuka.” Ngozi ya ng’ombe hupanuka kidogo, kweli. Kitambaa cha viatu vya mbio hakipanuki karibu hata kidogo, nacho kinachouma sokoni kitauma zaidi njiani.

Familia nyingi hununua viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watu wa Ulaya. Si aibu, na mara nyingine ni bora kuliko vipya vya bei ndogo. Lakini kiatu hukumbuka mguu wa bwana wake wa kwanza. Viwekwe vyote viwili juu ya meza, vitazamwe kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja kama nyumba inayotaka kuanguka, kiachwe, maana kitavuta kifundo cha mgeni upande ule ule. Soli ibonyezwe kwa kidole gumba: iliyo ngumu kama ubao imekwisha kufa, hata kama inang’aa. Viatu vya mbio hudumu kilometa 500 mpaka 800. Mtu anayekimbia kilometa 20 kila juma atavitumia majuma 25 mpaka 40 tu. Kwa hiyo viatu vya mbio visivaliwe shambani wala sokoni.

Zamani wauzaji walifundisha kwamba kila umbo la unyayo lina kiatu chake: mwenye unyayo bapa achukue hiki, mwenye tao la juu achukue kile. Katika Marekani neno hili lilijaribiwa kwa askari wengi, na habari zake zikatolewa mwaka 2009 na 2010. Waliopewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo waliumia karibu sawa na wenzao waliopewa viatu vya namna moja. Basi bei kubwa na maneno marefu ya muuzaji yasimtishe mzazi. Kiatu ambacho mguu unakisahau ndicho kizuri.

Lakini viatu vizuri havimkimbizi mtu. Vijana wengi hupata viatu vipya siku ya Jumamosi, na Jumatatu wanachechemea. Sababu ni hii: moyo na mapafu hujifunza upesi, mifupa na kano hujifunza polepole. Baada ya majuma matatu kijana haoni tena kuhema, anajiona simba, anakimbia mara mbili ya jana. Mifupa ya muundi haijawa tayari. Inaanza kuuma, naye anaukaza moyo, anadhani huo ndio uanaume. Hapo ndipo wakimbiaji wengi wazuri wanapoharibika. Uchovu wa nyama za mguu mzima, unaopungua kwa siku mbili, si kitu. Lakini maumivu ya mahali pamoja, yanayoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole na yanayozidi kila siku, yanadai mtu apumzike; akikataa, ataweza kulala nyumbani miezi miwili.

Anayeanza atembee dakika 4, akimbie dakika 1, kisha arudie hivyo mara 5 ao 6, siku tatu katika juma, na kupumzika siku ya katikati. Juma linalofuata apunguze kutembea kidogo. Mwendo wake uwe wa kuweza kusema na mwenzake maneno mazima bila kukata pumzi. Wengi huona mwendo huo kama wa kitoto. Hata hivyo ndio unaojenga. Waganga wa Shirika la Afya Duniani wanataka watoto wa miaka 5 mpaka 17 wautumikishe mwili dakika 60 kila siku. Mtoto anayekwenda shule kwa haraka kilometa 3 na kurudi, kisha anacheza mpira, amekwisha kulipa deni lake; asiongezewe mbio ndefu kwa nguvu. Mwenye homa asikimbie hata kidogo, na aliyeugua malaria angoje mpaka nguvu zirudi kabisa. Mbio za asubuhi, jua halijawaka, ni bora.

Katika masika viatu hulowa. Mtoto huvileta karibu na moto, gundi inayeyuka, soli inaachana na kiatu kama mdomo wa samaki, na fedha ya baba imekwenda. Afadhali kutoa kamba, kuosha matope kwa maji baridi, na kushindilia ndani karatasi za magazeti ya zamani. Karatasi zikilowa zibadilishwe usiku mara moja. Vikae chini ya baraza penye upepo, midomo imeelekea chini kwa sababu ya nge, na asubuhi vipigwe ukutani kabla ya kuvaliwa.