Goti la Dani

Wajukuu zangu, sogeeni hapa. Mmemwona dani, bibi yenu, akiteremka mlimani kwenda soko la Magunga, beseni la mahindi kichwani? Kupanda anavumilia. Kuteremka ndiko kunamtesa: anakwenda upande upande, anakunja uso kila mguu unapogusa chini.

Mnasema ni baridi ya ziwa. Baridi humzidishia maumivu tu, haikuyaleta.

Leo mkipewa paja la kuku, msilitafune kwa pupa. Tazameni ncha ya mfupa, mpitishe kidole. Kuna kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hilo ni gegedu. Goti la dani nalo lina gegedu, limefunika ncha za mifupa isisuguane, na ute unalilainisha. Miaka inavyokwenda, gegedu hukwaruzika na kukonda. Mifupa huota vinundu pembeni, goti linavimba, asubuhi linakakamaa.

Hayuko peke yake. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa viungo, na goti ndilo huugua zaidi. Wengi wao ni wazee, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wengine wameurithi. Wengine waliumia goti ujanani, pengine uwanjani, wakadhani limepona. Halafu kuna kazi: kuchuchumaa, kupiga magoti, kubeba mizigo miaka nenda miaka rudi. Dani amezifanya zote. Uzito wa mwili nao ni mzigo. Mzee mnene akipungua kilo moja, goti lake hupumzishwa karibu kilo nne kila hatua.

Sasa sikieni linaloniuma. Tunawapenda wazee wetu, basi tunawaambia, "Dani, kaa tu, usitembee." Tunakosea. Gegedu halina mshipa wa damu. Chakula chake kimo katika ule ute, nacho huingia goti linapokandamizwa na kuachiwa, kama sponji ndani ya maji. Goti lisilotembea linashinda na njaa, na misuli ya paja iliyokuwa ikilishika inalegea.

Beseni mpokeeni nyinyi. Fimbo mwachieni, mtembee naye polepole. Goti likiwa jekundu na la moto, au akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Jioni mkalisheni kitini, anyooshe mguu mmoja, aushikilie kidogo, aushushe. Hesabuni pamoja naye kwa Kijaluo: achiel, ariyo, adek, yaani moja, mbili, tatu. Jana alifika apar, yaani kumi, akacheka, kisha akabadilisha mguu.